Kidole Kwanza, Kopo Baadaye



Kiangazi kimeingia Bukavu. Vumbi limekaa juu ya majani, mabati yanalia mchana kwa joto, na kwenye bomba msururu wa bidoni za manjano unaanza kabla jua halijatoka. Katika mikutano ya vikundi vyetu, tangu mvua ikatike, swali moja limerudi kwa namna nyingi. Mama mmoja anasema lenga-lenga zake za kwenye gunia zimekauka upande mmoja. Mwingine anasema maua yake ya saloni yamekuwa ya manjano, na hali anayatia maji kila siku bila kukosa. Wa tatu ana tomati nzuri ndani ya ndoo kuukuu, lakini matunda yanaoza kitako kabla ya kuiva. Wote wanamaliza kwa kuuliza: tutie maji mara ngapi kwa juma?

Hatutawapa namba. Anayewaambia "mara mbili" au "mara tatu" bila kuona chombo chenu, udongo wenu na mahali jua linapopiga, anabahatisha. Mmea hausomi kalenda. Mama hamlishi mtoto kwa sababu ni Jumanne, anamwangalia kama ana njaa. Basi leo tujifunze kuangalia.

Kwanza tufanye hesabu kidogo, kwani hapo ndipo panapouma. Bidoni ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na anayeipandisha kilima ni nani? Ni mama, na mara nyingi zaidi ni binti. Sisi tunaofundisha tunawaona wasichana wanaofika bendera ikiwa imekwisha kupandishwa, mgongo wa nguo umelowa, macho yana usingizi. Wametoka kuchota. Kila kopo la maji linalomwagika bure kwenye maua limebebwa na mtu.

Tuchukue nyumba yenye vyombo kumi mbele ya mlango, kila kimoja cha lita tano hivi: pilipili, puaro, mchaichai, maua mawili matatu. Binti anamwaga nusu lita kwa kila chombo kila asubuhi, haraka haraka, kwani shule inamngoja. Ni lita 5 kwa siku, lita 35 kwa juma, karibu bidoni mbili. Maji hayo yanalowesha juu tu, jua linayanywa kabla ya saa sita. Jirani ana vyombo vile vile. Yeye anapitia kila asubuhi akitazama, lakini anatia maji pale tu udongo unapoomba. Tuseme inakuja mara mbili kwa juma, lita moja kamili kila mara, polepole. Ni lita 20. Bidoni moja, na mimea yake ina afya kuliko ya pili. Tofauti ya hizo nyumba mbili ni safari moja ya bombani kila juma, na miguu ya mtoto mmoja.

Sasa tuseme jambo ambalo wengi hawaliamini mara ya kwanza. Mimea mingi ya vyunguni inayokufa katika nyumba zetu haifi kwa kiu. Inafishwa na maji.

Mizizi inapumua. Katikati ya chembe za udongo kuna nafasi ndogo ndogo. Nyingine zinashika maji, nyingine zinashika hewa, na mmea unahitaji zote mbili. Ukijaza maji kila siku, hewa inafukuzwa yote. Mzizi unaokosa hewa unakufa, ukishakufa unaoza, na mzizi uliooza hauwezi kunywa tena. Ndiyo maana mmea unaozama unafanana na mmea wenye kiu: majani yote mawili yanalegea na kuinama. Mama anaona majani yameinama, anaona huruma, anaongeza maji. Kesho yanazidi kuinama, anaongeza tena. Kwa upendo wote huo, baada ya juma mbili anang'oa kijiti cheusi.

Kwa hiyo majani yakiinama, usiulize majani. Uliza udongo. Kama ni mkavu, umeachana na ukingo wa chombo na kuacha ufa mdogo kuzunguka, chombo kikiwa chepesi mkononi, ni kiu. Kama udongo ni wa maji, majani ya chini yanageuka manjano, shina linakuwa laini karibu na udongo, vijidudu vidogo vyeusi vinaruka ukigusa chombo, na ukinusa unasikia harufu ya mtaro, hapo mmea unazama. Usitie hata tone.

Njia ya kuuliza udongo ni kidole. Usiguse juu tu, kwani juu panakauka upesi na panadanganya. Ingiza kidole hadi kiungo cha pili. Kikitoka kikavu na safi, tia maji. Kikitoka na udongo mbichi umeshikamana nacho, ngoja hadi kesho. Mwenye chombo kirefu achukue kijiti kikavu cha mshikaki, akiingize hadi chini, angoje kidogo, akitoe: kitamwonyesha unyevu umefika wapi, kama vile tunavyopima mandazi kwa uma. Kucha za mama anayelima hazikai safi, hilo tunajua, na sabuni ipo.

Njia ya pili ni uzito, nayo ni nzuri kwa wale waliozoea kubeba. Siku ya kutia maji, kinyanyue chombo kikiwa kimekwisha kujitiririsha, ukumbuke uzito wake. Kinyanyue tena siku inayofuata, na inayofuata. Baada ya juma moja mkono utajua wenyewe, bila kidole. Wenye vyungu vya udongo wa kufinyanga wana njia ya tatu: kigonge ubavuni kwa kifundo cha kidole. Kikiwa kikavu kinalia; kikiwa na maji kinajibu kwa sauti nzito ya chini.

Kuna majani yanayodanganya saa saba mchana. Boga, tomati, hata maua yenye majani mapana, yote yanalegea jua likiwa kali, kwani yanapoteza maji kwa upesi kuliko mizizi inavyoweza kupandisha. Jua likishuka yanasimama yenyewe. Msikimbie na kopo saa hiyo. Yatazameni jioni: yakisimama, hayana shida. Yakibaki yamelala hadi asubuhi, hapo kweli kuna kiu.

Saa nzuri ya kumwagilia ni asubuhi, kabla jua halijachoma. Mmea unakunywa kabla ya kazi yake ya mchana, na majani yaliyorushiwa maji yanapata nafasi ya kukauka. Jioni pia inawezekana, hasa kwa wale ambao maji yao yanafika usiku tu, na tunajua ni wengi. Ila jioni mwagieni udongo peke yake, msiloweshe majani. Majani yanayolala usiku kucha na maji yanakaribisha ukungu, na wamama wanaolima tomati na viazi wanalijua jina la mildiu kuliko sisi. Kuhusu mchana: ukikuta mmea umelala kabisa na udongo ni mkavu, usingoje jioni kwa kuogopa saa. Upe maji, usogeze kivulini. Maji ya mchana si sumu. Ubaya wake ni kwamba mengi yanapotea hewani.

Tufike kwenye namna ya kumwaga, kwani hapa ndipo maji mengi ya bidoni yanapopotelea.

Mwaga polepole, karibu na shina lakini si juu ya shina, ukizunguka chombo chote. Kama huna arozwari, toboa matundu madogo kwenye kifuniko cha chupa ya plastiki, inafanya kazi ile ile. Endelea hadi uone maji yanaanza kutoka chini. Hapo unajua yamefika kila mahali. Ukitia kidogo kidogo kila siku, maji yanabaki juu, na mizizi inapanda juu kuyafuata. Siku moja ukisafiri, jua linaikuta palepale juu na kuimaliza. Ukitia kwa wingi na kungoja, mizizi inashuka kutafuta, na huko chini inakaa salama.

Lakini mmoja wenu atasema: mimi nikitia maji yanatoka chini papo hapo, na mmea bado una kiu. Ni kweli, inatokea, hasa sasa. Udongo uliokauka kupita kiasi unakataa maji. Yanapita kwenye ule ufa wa ukingoni, yanatoka chini, na katikati pamebaki vumbi. Kwa chombo cha namna hiyo, chukua basini, weka maji kiasi cha vidole vinne, kisimamishe chombo ndani kwa karibu nusu saa. Udongo utakunywa kutoka chini, polepole, hadi juu pawe na rangi ya giza. Kisha kitoe, kiache kijitiririshe. Maji yanayobaki kwenye basini yapeni chombo kinachofuata.

Yote haya hayafai kitu kama chombo hakina tundu. Tumeona ndoo nzuri, masufuria ya zamani, hata vyungu vya dukani vya rangi, vyote vimezibwa chini. Wanasema ni ili maji yasichafue saloni. Hicho ni kisima, na mzizi si samaki. Tobosheni matundu matatu au manne kwa msumari uliochomwa kwenye mbabula, kila moja lenye upana wa kidole kidogo. Kwa saloni, wekeni sahani chini, na baada ya nusu saa mwageni maji yaliyobaki ndani yake.

Hapa tutawagusa watu, kwani desturi hii imeenea: kuweka mawe chini ya chombo "ili maji yapite." Hayasaidii. Chukueni sponji ya kuoshea vyombo, ilowesheni kabisa, ishikeni ikiwa imelala. Itadondosha maji, kisha itaacha. Sasa isimamisheni wima: itadondosha tena. Sponji ni ile ile, maji ni yale yale. Kilichobadilika ni urefu wake. Udongo ndani ya chombo ni hivyo hivyo. Daima sehemu ya chini kabisa inashika maji mengi, na ukiweka mawe unapandisha tu sehemu hiyo yenye maji karibu na mizizi, tena umeinyima mizizi nafasi. Jazeni udongo hadi chini. Kama mnaogopa udongo utatoka kwenye matundu, wekeni kipande cha neti au cha gunia kuukuu. Wanafunzi wetu wa darasa la tano wanaipenda sana hiyo ya sponji, na wamama wanaweza kuwaomba watoto wawaonyeshe.

Udongo wenyewe pia una lake la kusema. Huu udongo wetu mwekundu wa vilimani ni mzuri shambani, ambapo minyoo na mizizi inaufungua. Ndani ya kopo unajifunga kama tofali: ukilowa ni tope, ukikauka unapasuka. Changanyeni sehemu mbili za udongo na sehemu moja ya mboji iliyoiva vizuri na sehemu moja ya mchanga mnene. Vipande vidogo vya makala vilivyobaki chini ya gunia vinafaa pia, vinaacha nafasi za hewa. Majivu ni kidogo sana, kijiko si kopo.

Na chombo kidogo kinakauka upesi kuliko kikubwa, cha kufinyanga upesi kuliko cha plastiki, cheusi juani upesi kuliko cheupe. Kwa hiyo kopo la maziwa lenye seleri linaweza kuomba maji kila siku, wakati ndoo kubwa iliyo kando yake inangoja siku nne. Msiwatendee sawa. Tena, kabla ya kuongeza maji, fikirieni kupunguza jua: sogezeni vyombo vidogo vipate jua la asubuhi na kivuli cha mchana, vikae karibu karibu ili vifunikane, na juu ya udongo wekeni majani makavu, maganda ya maharagwe au vipande vya jani la mgomba. Blanketi hilo peke yake linaweza kuongeza siku nzima kati ya kopo moja na jingine.

Magunia ya mboga yanahitaji maneno yake, kwani vikundi vingi vimeyapokea na si wote walioonyeshwa namna ya kuyanywesha. Gunia lililojengwa vizuri lina nguzo ya mawe katikati, kutoka chini hadi juu. Anayejenga anachukua kopo kubwa lililokatwa juu na chini, analiweka katikati, analijaza mawe, anajaza udongo kando, kisha analivuta kopo juu na kuendelea hivyo hadi gunia lijae. (Mtasema tumekataza mawe sasa hivi. Tumeyakataza chini ya chombo. Hapa yamesimama wima kama bomba, kazi yake ni kushusha maji kwa miche iliyopandwa kwenye matundu ya ubavuni.)

Basi maji ya gunia yanamwagwa juu ya mawe yale, katikati, polepole, kopo kwa kopo, na kupumzika kati ya kopo na kopo. Wengi wanamwaga kwenye udongo wa juu kwa sababu ndiko majani mazuri yaliko. Matokeo yake juu kunakuwa bwawa, na lenga-lenga za ubavuni, zile za chini, zinakufa kwa kiu zikiwa zimegusana na mboga zilizoshiba. Pimeni kwa kidole kwenye tundu la ubavuni, moja la katikati na moja la chini, pande zote. Upande unaotazama jua la alasiri ndio unaokauka kwanza. Huyo mama wa lenga-lenga za upande mmoja apate jibu lake hapo. Kama gunia halina nguzo ya mawe, msilibomoe sasa likiwa na mboga. Sindikeni ndani yake chupa mbili za plastiki zilizotobolewa matundu madogo ubavuni, zimekatwa kitako, mdomo ukitazama chini na kifuniko kimefungwa, na mjaze maji humo.

Sasa tomati zinazooza kitako. Doa jeusi, kavu, kama ngozi, chini kabisa mwa tunda. Si mdudu, na dawa ya kunyunyizia haitaliponya. Tunda linakosa kalisiamu, na mara nyingi kalisiamu imo ndani ya udongo, lakini inasafiri ndani ya maji. Mmea ukikauka leo na kufurika kesho, safari inakatika, na tunda, likiwa mbali na mizizi, ndilo linalokosa. Maji yasiyo na utaratibu ndiyo pia yanayopasua tomati iliyokaribia kuiva: ilikuwa na kiu, ghafla imeshibishwa, ngozi ikashindwa. Tomati ya kwenye ndoo ni ya pekee, haingoji. Ikishabeba matunda, katika kiangazi hiki, itazameni kila asubuhi, na mara nyingi itaomba kila siku. Matunda yaliyokwisha kuharibika yatoeni. Yanayofuata yatakuwa mazima.

Kinyume chake ni aloe, na lile jani refu kama upanga ambalo Wafaransa wameliita ulimi wa mama-mkwe, bila shaka aliyelipa jina alikuwa na maneno nyumbani kwake. Hiyo mimea ina ghala lake la maji ndani ya majani. Acheni udongo ukauke kabisa hadi chini, ngojeni tena siku chache, ndipo mtie. Katika saloni yenye kivuli inaweza kukaa juma mbili, tatu, bila kulalamika. Ukiiona inaoza, kosa ni la mkono mwepesi.

Kuhusu maji ya kutumia, si lazima yawe ya kunywa. Maji ya kuosha mchele, maharagwe na mboga ni mazuri. Maji yaliyochemshia viazi au mayai ni mazuri pia yakipoa, mradi hayakutiwa chumvi. Chumvi inajikusanya ndani ya chombo na kuunguza mizizi. Maji ya kufulia ya kwanza, yenye sabuni nyingi, na yote yaliyotiwa javeli, hapana. Maji ya kusuuza ya mwisho yanaweza kwenda kwenye maua na miti, leo hayo na kesho maji safi, lakini msiyamwage kwenye seleri, puaro na mboga nyingine ambazo majani yake yanaingia sufuriani. Maji ya mtaro na ya kuoshea mtoto mwenye kuhara hayamwagiwi chakula kamwe, hata kama yanaonekana yana mbolea. Tunalitaja waziwazi kwa sababu kipindupindu kinaijua Kivu, na kinapita kwenye mikono na mboga.

Jambo jingine la afya: zile sahani chini ya vyombo. Mbu anataga kwenye maji yaliyosimama, hata kidogo ya kujaza kijiko kimoja kimoja, na kwa joto yai linafika kuwa mbu katika siku saba hadi kumi hivi. Hilo linahusu pia pipa na bidoni zilizokatwa juu mnazowekea akiba. Zifunikeni, na sahani zimwagwe na kupanguswa.

Watoto tuwaache wasaidie? Ndiyo, ila kwa utaratibu. Nyumba yenye watoto wanne na wote wakipenda maua, maua yanakunywa mara nne. Mpeni kila mtoto chombo chake kimoja, cha kiume na cha kike sawasawa. Tunasisitiza cha kiume, kwani tumechoka kuona bidoni ikifuata binti peke yake kana kwamba imezaliwa naye. Mtoto anayepanda kilima na lita tano kwa ajili ya pilipili yake mwenyewe hataimwaga ovyo. Mfundisheni kusema "kikavu" au "kibichi" kabla hajagusa kopo. Mwenye umri wa shule anaweza kufunga mfuko wa plastiki unaopenya mwanga kuzunguka tawi moja lenye majani, asubuhi, juani. Mchana ataona matone ndani ya mfuko. Ndiyo maji aliyoyatia kwenye mizizi. Huo mfuko utolewe kabla ya jioni, tawi lisichemke.

Na mkiitwa kwenye matanga kijijini, siku tatu nne hakuna mtu nyumbani? Nywesheni vizuri asubuhi ya kuondoka, vikusanyeni vyombo vyote kivulini, ukutani, vikigusana. Kwa vile vyenye kiu kubwa, jazeni chupa ya plastiki, tobosheni kifuniko tundu moja la sindano, igeuzeni kichwa chini na kuifukia shingo ndani ya udongo. Au wekeni ndoo ya maji juu ya kiti, na kitambaa cha pamba kilicholoweshwa, ncha moja ndani ya ndoo hadi chini, nyingine imefukiwa kwenye chungu kilicho chini ya kiti. Maji yatashuka yenyewe, kidogo kidogo. Jaribuni siku mbili kabla ya safari, mwone kasi yake.

Yule mama wa maua ya manjano tumemwona juzi, na hali ilikuwa ile tuliyoieleza: sahani imejaa, udongo unanuka. Kwa mwenye tatizo kama lake, fanyeni hivi leo leo. Toeni mmea pamoja na udongo wake wote, msiuvute kwa shina, gongeni chombo. Mizizi iliyo hai ni meupe au ya rangi ya krimu, na imara. Iliyokufa ni ya kahawia, laini, inabaki mkononi ukiivuta. Kateni iliyokufa kwa mkasi uliooshwa. Pandeni upya katika udongo mpya, usio wa maji mengi, ndani ya chombo chenye matundu, na kama mizizi imebaki michache, punguzeni pia majani, ili waliobaki wasiombe kuliko wanaoweza kuletewa. Wekeni kivulini penye mwanga. Kisha ngojeni, kidole kikavu ndipo kopo.

Mwezi wa tisa mvua itarudi, na hapo msidanganywe na sauti yake. Chombo kilicho chini ya ukingo wa mabati kinaweza kukaa juma zima la mvua bila kupata tone, na kile kilicho chini ya mdomo wa bati kinapigwa hadi udongo unaruka nje. Mvua ya kwanza itashusha vumbi lote la kiangazi kutoka kwenye mabati. Hiyo msiikinge kwa kunywa, ila pilipili na maua vitaipokea bila neno. Wekeni ndoo tayari.